Malkia wa Kurasa Pungufu

Kiwandani walimwita Bi Gundi, maana hata mkono wake wa salamu ulinata. Alikuwa mjalidi wa vitabu, na shujaa wake alikuwa malkia wa kale aliyemsoma katika kitabu cha historia, mojawapo ya nakala mbovu ambazo wafanyakazi huruhusiwa kwenda nazo nyumbani. Humo, malkia anaambiwa adui yuko langoni. Ukifunua ukurasa, keshatoka kumkabili, kichwa juu. Mtoto wa Bi Gundi akiogopa sindano, anasimuliwa habari za malkia. Mumewe akiogopa panya, malkia tena, hadi mwanamume akalalamika kwamba ameoa wake wawili.

Lakini wiki ile malkia hakumfaa kitu. Mashine ya kukatia karatasi ilimkata vidole shoga yake wa meza ya jirani. Kinga ya kisu ilikuwa imeondolewa kwa amri ya meneja ili kazi iende mbio, na Bi Gundi alikuwepo amri ilipotolewa. Meneja alimwita pembeni, akamwomba kwa upole aseme mbele ya kikao cha kuchunguza ajali kwamba shoga yake alifanya uzembe. Upole ule ndio uliomtisha. Mumewe hakuwa na kazi, nyumba nzima ilimtegemea yeye. Lakini akisema alivyoombwa, shoga yake atafukuzwa mikono mitupu. Tangu siku ile alikuwa roho mkononi. Chakula hakipiti, na kila kisu kikishuka anajihesabu vidole.

Asubuhi ya kikao walikuwa wanajalidi upya kitabu kilekile cha malkia. Kitabu hupangwa kwa mafungu ya kurasa zilizokunjwa, kisha hushonwa. Akapanga, akafika baada ya ukurasa wa adui langoni, akakuta fungu asilolijua. Kumbe nakala yake ya nyumbani ilirukwa fungu zima! Akalisoma wima, gundi ikimkaukia vidoleni.

Malkia alikimbia. Alijificha ghalani chini ya magunia, akatapika kwa hofu, akawasihi watumishi waseme amekufa. Kisha akasikia dada yake akiburutwa nje. Ndipo akatoka, ameshika ukuta, maana miguu ilikataa kumbeba.

Bi Gundi alikasirika kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Miaka yote hiyo amejiona mwoga, akijipima na mwanamke aliyepunguziwa kurasa! Hasira haikumwondolea hofu hata chembe. Alipoitwa, ilibidi aegemee mlango kwanza.

Shoga yake alikaa pembeni, mkono umefungwa bendeji, macho sakafuni. Meneja alimtabasamia Bi Gundi, akamkaribisha kiti. Hakukaa, alijua akikaa hatainuka.

"Kinga ya kisu iliondolewa," alisema. Sauti ilitoka nyembamba mno, ikabidi arudie. "Meneja ndiye aliyeamuru. Nilikuwepo."

Tabasamu la meneja liliyeyuka. "Mama, unajua unachokisema?"

"Najua," alisema Bi Gundi. "Unadhani natetemekea nini?"