Mapichi ya Kopo

Anyosisye wa Ikolo alilitoa neno lake hadharani, nje ya kanisa, mwaka ule mkamwana wake Lusungu alipofungua duka pale Ipyana. "Mchele upo, ndizi zipo, mbasa wanatoka ziwani bado wanapiga mkia. Mtu mwenye akili zake atakula vya kwenye kopo kwa shida gani? Mimi mguu wangu hautakanyaga pale."

Lusungu, mjane wa mwanawe Amon, aliletewa neno hilo dukani, akaendelea kupanga jibini, zeituni na jamu zilizovuka mpaka wa Kasumulu kutoka Afrika Kusini.

Sasa mzee Hezroni, mume wa Anyosisye, akaugua. Uji ukija, anageukia ukuta. Samaki akija, ukuta. Siku moja akasema, "Mapichi."

Anyosisye akaagiza mapichi Tukuyu, yakaja na manyoya yake. Mzee akayapapasa, akayarudisha. "Siyo haya. Ya kopo. Tuliyokuwa tunakula Joni, kule Afrika Kusini, tukitoka mgodini."

"Sasa Joni nitafika kwa miguu, baba Amon?"

"Ipyana yapo. Kila mtu anajua isipokuwa wewe."

Mate yakishatemwa hayarambwi, wanasema. Waliosema hivyo hawakuwa na mume anayekauka kitandani. Anyosisye alikwenda mchana kweupe, kwa njia kuu, asije mtu akasema alinyatia.

"Nimekuja kununua," akasema mlangoni, "sikuja kusalimia."

Lusungu akapiga goti, akamsalimu hivyo hivyo. Kisha akafungua kopo, akamkabidhi kijiko. "Onja, mama, usije ukampelekea kitu usichokijua."

Pichi likateleza ulimini, laini, baridi, na maji yake matamu yakashuka mpaka kifuani. Anyosisye akafumba macho. Kumbe maisha yote ameishi na mtu aliyebeba utamu huu peke yake, na utamu wenyewe ukiuzwa hapa, jirani na shamba lake! Akala la pili, akalamba kijiko. Zeituni aliyoonjeshwa baadaye aliitema.

"Hii mnawauzia watu, au ni dawa ya minyoo?"

Lusungu akacheka huku amefunika mdomo, na mama mkwe naye akacheka. Hawakuwahi kucheka pamoja tangu wamzike Amon.

Lusungu akambebea makopo mpaka Ikolo, lakini akaishia kwenye migomba. Kwetu mke wa mwana hakutani na baba mkwe wake; akimwona njiani anakimbilia porini, na jina lake halitamki. Uso wa mzee huyu Lusungu hakuujua.

Ndani, Hezroni alikula vipande viwili, akavimeza. Akanywa na maji yake. "Nani kayaleta?"

"Mkamwana wako. Yuko migombani."

"Mwite aingie. Mimi nakufa, mwiko utanifanya nini tena?"

Anyosisye alikwisha kumeza neno moja siku ile. La pili lilimkwama. "Mwiko ni mwiko. Hatuuvunji kwa ajili ya kopo."

Mzee akalisukuma bakuli. "Kilichobaki ni chake. Mwambie ndaga fijo, nashukuru sana."

Lusungu alikila amepiga magoti, mgongo ameuelekeza nyumbani, machozi yakichuruzika bakulini. Hezroni hakula tena kitu kingine. Jumamosi akafa.

Kabla jeneza halijafungwa, Anyosisye alipita katikati ya wanaume, akaenda jikoni kwa waliokuwa wanapika msiba, akamshika Lusungu mkono, akamvuta mpaka ndani. Wazee wakaguna.

"Mama Amon, hilo halifanyiki," mmoja akasema.

"Guneni tu. Alitaka kumwona akiwa hai, mimi nikakataa." Akamfunua Lusungu khanga usoni. "Mtazame mkweo."

Lusungu akatazama muda mrefu.

"Kumbe Amon alikuwa na sura yake," akasema polepole. "Kama angezeeka, angekuwa hivi."

Anyosisye, ambaye Ikolo nzima haijawahi kumsikia akikosa neno, alikaa chini sakafuni.