Handaki Lililomwitikia Idarous

Idarous bin Mwadini hakuja Birmingham kutafuta utajiri, na utajiri nao, kwa heshima zake, haukumtafuta. Alikuja kwa sababu Unguja ya mwaka sitini na nne ilimtapika yeye na wengi wengine. Alipita Mombasa, akaishia kwenye vyumba viwili vya kupanga Sparkhill pamoja na mkewe, Mwanamkasi, na akapata kazi ya kufagia na kubeba mizigo katika stesheni ya Snow Hill. Chakula kilipatikana, makaa ya kuota moto yalipatikana. Alichokikosa hakiuzwi duka lolote la Stratford Road: alikosa watu wa kumwitikia.

Tuelewane hapo. Baba yake, Maalimu Mwadini, alikuwa na chama chake cha maulidi kule mtaa wa Ng'ambo, Unguja, na alitunga kasida moja iliyopendwa na mtaa mzima. Hakuiandika popote, aliiweka vifuani mwa watu. Yeye alitangulia kwa ubeti, na wanaume safu mbili, wamepiga magoti mabega yamegusana, waliudaka mwisho wake na kumrudishia. Idarous alikaa katika safu ya mbele tangu sauti yake haijavunjika. Maalimu alizoea kusema kwamba kasida isiyoitikiwa haina tofauti na mtu anayejisemea njiani, na watu wa namna hiyo hupishwa.

Chama kikatawanyika. Wengine Muscat, wengine Dubai, wengine chini ya udongo. Maalimu mwenyewe akafa na mwanawe yuko mbali, hata koleo moja la mchanga hakumtilia. Kasida ikabaki katika kifua kimoja, Sparkhill, na mwenye kifua hicho aliogopa kwamba siku atakayokufa yeye, kazi ya baba yake itakuwa imezikwa mara ya pili.

Alijaribu nyumbani. Mwanamkasi, kwa huruma tu, aliitikia mara moja huku anakoroga mchuzi, kisha akashikwa na kicheko.

“Mume wangu,” alisema, “mimi na sufuria hatutimii safu mbili.”

Sasa, chini ya jiji lile, kuanzia Moor Street hadi Snow Hill, treni zilipita ndani ya handaki la matofali. Wapagazi wa zamani walisema lilichimbwa enzi za babu za babu zao. Wanawake walichagua kofia madukani juu, na chini ya nyayo zao injini zilikuwa zinapanda kilima gizani zikihema. Moshi ndio uliotangulia kutoka, halafu ndipo treni yenyewe ikachomoza, imejaa wanajeshi wa likizo, maharusi na watu waliochelewa. Wapagazi hao walikuwa wakisimama kwenye ncha ya jukwaa na kuangalia upande ule hata kama hakuna treni inayotarajiwa. Idarous hakuwacheka. Alijua mtu anayengojea kitu kisichokuja anavyofanana.

Mwaka sitini na nane treni za handakini zikasimamishwa. Stesheni ikabakiwa na vitreni vichache vya upande wa pili, na siku moja Idarous aliambiwa apeleke mabenchi mabovu ndani ya handaki lile tupu, yasionekane. Akajikwaa, benchi likaanguka. Mlio ukaenda, ukakaa huko, ukarudi. Idarous akatazama nyuma kama kuna mtu. Akasafisha koo.

“Ewe uliye Madina, salamu zangu pokea,
Mbali niliko naona, nuru yako yaenea.”

Lakini tayari, kabla hajafika mstari wa pili, masizi na matofali yalikuwa yamemjibu wa kwanza: pokea… kea… ea… Hazikuwa sauti moja. Zilikuwa sauti nyingi, nzito, za wanaume waliokaa bega kwa bega. Idarous alilia. Sisemi machozi yalimlengalenga. Alilia kama mtu aliyefika matangani kwao kwa kuchelewa.

Kuanzia hapo kila mapumziko ya mchana alikuwa handakini, akikatiza ubeti pale pale ambapo baba yake angekatiza, ili wapate nafasi ya kupokea. Mwanamkasi alipojua, alisema wanaume wengine huenda baa, wa kwake huenda shimoni, na walau shimoni harudi analewalewa.

Aliyemfuma ni Baldev, Kalasinga wa Nakuru aliyefanya kazi reli ya Kenya miaka mingi, akaja Uingereza mwaka ule ule wa sitini na nane na kupewa ufagio Snow Hill.

“Bwana Idarous! Nani iko ndani na wewe?”

“Hamna mtu, bwana we. Sauti yangu hiyo inarudi.”

“Wacha mchezo. Mimi nasikia watu mingi.”

“Hata mimi nawasikia. Kaa basi, usikilize.”

Baldev akakaa juu ya toroli, akafungua chapati na achari yake. Kesho yake akaja tena. Katika hekalu lao Nakuru pia mmoja hutangulia na wengine wakaitika, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa kiu ile. Hakuuliza Madina inaingiaje. Alifumba macho, akatafuna polepole, akasikiliza, miaka karibu minne.

Machi ya mwaka sabini na mbili stesheni nzima ikafungwa. Wakaja mafundi na mbao, wakaanza kuziba mdomo wa handaki. Idarous akamwomba msimamizi wao amruhusu aingie mara moja tu.

“Humo hamna kitu, rafiki yangu,” alisema yule Mwingereza, wala hakusema kwa ubaya.

Kiingereza cha Idarous kilitosha mizigo. Hakikutosha kueleza kilichokuwamo. Akasimama kando mpaka msumari wa mwisho.

Snow Hill ikageuzwa mahali pa kuegesha magari. Baldev akawa kondakta wa basi. Idarous akaenda kiwanda cha magari Washwood Heath, ambako mashine zilipiga kelele kutwa na hazikumsikiliza mtu. Siku za mapumziko alikuwa akipita kati ya magari ya watu, anaweka mdomo kwenye ufa wa mbao na kuimba kidogo. Mbao zilimeza, hazikurudisha kitu. Akakonda. Akaacha kuimba kabisa, hata akinyoa ndevu.

Mwanamkasi alivumilia mwaka, kisha akachoka. Mfungo sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ulipoingia alitangaza kwamba kutakuwa na maulidi nyumbani, akapika pilau iliyonukia mpaka barabarani. Majirani wa Kipakistani wakaja na kofia zao. Baldev naye akaitwa, maana haiwezekani mtaa mzima ule pilau ya Mwanamkasi halafu Baldev akose. Akakaa karibu na mlango, na kilemba chake kilikuwa kikubwa kuliko kofia zote mle ndani.

Walisoma, majirani wakaimba za kwao, wakaimba vizuri. Kisha wakamwomba mwenyeji ya kwao. Idarous akatikisa kichwa.

“Imba, mwana wa Mwadini,” ikasema sauti ya Mwanamkasi nyuma ya pazia.

Akaimba. Sauti ikagonga mapazia, makochi na zulia, ikaanguka hapo hapo. Akakatiza mahali pa kukatiza. Majirani, watu wa adabu, walitazama zulia. Wangeitikiaje wasichokijua? Idarous alisikia kwa masikio yake kasida ya baba yake inakata roho, akainua mikono aombe fatiha wamalize.

Hapo Baldev, macho ameyafumba, mkono nyuma ya sikio, akaitikia kutoka mlangoni:

“Pokea… kea… ea…”

Akaipunguza sauti hivyo hivyo, mkia kwa mkia, mpaka ikaisha. Vichwa vyote viligeuka. Mikono ya Idarous ikabaki hewani. Akatia ubeti wa pili, Baldev akapokea tena. Ubeti wa tatu chumba kizima kilikuwa kimeshadaka, wanaume wazima na ndevu zao wanasema kea, ea, kwa unyenyekevu mkubwa. Maalimu Mwadini angewachapa bakora wote.

Pilau ilipoletwa, Idarous alimsogelea rafiki yake, uso umelowa.

“Bwana Baldev, mwisho wake si hivyo. Watu husema pokea, basi, wananyamaza.”

“Mimi nafuata vile shimo nafundisha,” alisema Baldev. “Nyingine mimi hapana jua.”

Idarous alimwangalia. Wa kwao waliojua namna ya Ng'ambo walikuwa wametawanyika duniani, na hawa hapa ndio waliokuja.

“Basi iache hivyo hivyo,” akasema.

Ikabaki hivyo. Kila mfungo sita waliiimba kasida pale Sparkhill, pamoja na mkia wake. Mwaka sabini na saba, walipobomoa stesheni, Baldev alikuja kumchukua wakaangalie. Idarous alivaa koti, akafika mlangoni, akalivua. Alisema angependa kukaa. Baldev naye akakaa, Mwanamkasi akawamiminia chai, na baada ya muda Idarous akaanza ubeti wa kwanza, taratibu, akaukatiza, akangoja.