Mzani wa Mama Maji

Miaka kumi na miwili Nasimiyu aliuza maziwa mala, yale yaliyoganda, katika mtaa wa Rhonda, mbali na watu wa Molo waliompachika jina la Mama Maji.

Zamani alikuwa mpimaji wa maziwa wa chama chao cha ushirika. Kila asubuhi aliandika daftarini namba ya mfugaji, kipimo cha maziwa yake, na kama yalikuwa na maji. Kila jioni mwenyekiti, Kipkemoi, alitia sahihi chini ya ukurasa bila kusoma. Namba kumi na saba ilikuwa na maji karibu kila siku, na ilikuwa namba ya Kipkemoi mwenyewe. Kipkemoi alipong'amua hilo, aliliomba daftari aliangalie kidogo. Nasimiyu akampa. Wiki iliyofuata wafugaji waliambiwa ni yeye aliyekuwa akitia maji, wakamfukuza. Kipkemoi akajenga nyumba Milimani, mtaa wa matajiri.

Chama kilipotupa vyombo vikuukuu, Nasimiyu aliuchukua mzani wake wa zamani. Asubuhi moja mshale ulisogea ilhali sahani ilikuwa tupu. Aliandika majaribio thelathini kabla ya kuelewa: upande wa pili kulikuwa na mzani uo huo, katika Molo nyingine, na vitu viwili vya uzito sawa vikiwekwa kwa pamoja hubadilishana.

Karatasi ya kwanza kumfikia ilikuwa na mwandiko wake mwenyewe. "Mimi ni Nasimiyu. Nilikataa kumpa daftari. Kipkemoi alifungwa, na mimi ndiye meneja hapa. Wewe ulifanyaje?"

Aliisoma mara tatu. Tangu hapo hakumchukia Kipkemoi peke yake.

"Nikopeshe hilo daftari," aliandika. "Chama kina mkutano Alhamisi."

"Rufaa yake ya mwisho inasikizwa Ijumaa saa tatu," yule akajibu. "Bila daftari atatoka. Utalirudisha saa moja asubuhi?"

"Nitalirudisha."

Akaweka daftari jipya la uzito ule ule, akapokea la zamani, bado lina doa la maziwa kwenye jalada.

Alhamisi, Kipkemoi alimwona akiingia ukumbini. "Mama Maji, leo umetuletea ya kunywa ama ya kuoga?"

Watu wakacheka. Nasimiyu akangoja wamalize.

"Nimeleta ya kusoma, mwenyekiti."

Akasoma namba kumi na saba, tarehe baada ya tarehe, akiinua kila ukurasa waione sahihi. Kipkemoi alisimama, akanyoosha shingo, akaliona lile doa.

"Hiyo ni ya uongo," alisema. "Hiyo niliichoma mimi mwenyewe."

Mzee Kiplangat, mfugaji wa siku nyingi, akauliza polepole, "Uliichoma kwa nini, Chairman?"

Askari waliokuja kumkamata Kipkemoi walimwambia Nasimiyu, "Mathe, Jumatatu ulete hilo daftari kortini. Bila hilo wakili wake atamtoa kabla ya chai ya saa nne."

Ijumaa saa moja kamili mshale ulisogea, ukasimama kwenye uzito wa daftari moja. Upande wa pili lile jipya lilikuwa limewekwa tayari. Nasimiyu alikuwa ameketi mbele ya mzani na chai yake, daftari la zamani mapajani. Alifikiria miaka kumi na miwili ya watu kumsalimia yule mwanamke kwa heshima. Alifikiria watoto wa Molo waliokuwa wakimwimbia yeye "Mama Maji" njiani.

Mshale ukaanza kuruka juu na chini, kama mtu anayegonga mlango. Akanywa chai. Saa mbili na nusu ukatulia.

Jumamosi ulitikisika kidogo tu, uzito wa karatasi. Akaweka karatasi tupu, akapata iliyoandikwa.

"Ametoka. Wananiita Mama Maji."

Nasimiyu akaandika tarehe na saa pembeni, akaibandika kwenye daftari, ukurasa wa mwisho. Kisha akachukua koleo, akaung'oa mshale.