Mkono Alioinua Mume Wangu Barazani

Mhariri, jina langu libaki kwako tu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na miwili, nimesoma hadi darasa la nne. Kwetu ni Bungoma lakini nimeolewa hapa Kitale, tunakaa mtaa wa lokesheni. Nina msichana mmoja, Nafula, na mwingine yu tumboni, karibu kutoka.

Wasomaji wenzangu, mume wangu alikuwa mtu wa watu. Ndiye aliyewasumbua wakubwa mpaka tukaletewa mfereji wa maji. Nafula alipozaliwa nyumba ilijaa wanawake, huyu na uji, huyu na kuni. Mama Khisa, jirani yetu mjane anayelea watoto wake kwa kupika na kuuza pombe ya busaa, ndiye aliyempokea mtoto. Kisha mume wangu akapewa kiti katika baraza la mji. Tulicheza hadi vumbi likapanda!

Halafu baraza likapitisha kwamba busaa isipikwe tena majumbani. Askari wakamwaga pipa la Mama Khisa na yeye wakamfunga mwezi mzima. Ikasikika kwamba mume wangu naye aliinua mkono kukubali. Basi ikawa ati amenunuliwa. Uchaguzi ulipofika wakamweka mwingine.

Sasa nikifika mferejini, ule ule aliotuletea, maongezi yanakatika. Juzi Mama Khisa alisema, "Mpisheni mke wa Bwana Mkubwa bana, asije akatuitia askari." Wakacheka. Nikajaza debe langu nikaenda.

Lakini ukweli ninaujua mimi peke yangu. Aliniambia akiangalia ukuta: "Mama Nafula, walizungumza Kizungu mbio mbio. Niliona mikono imeinuka, nikainua wangu. Nilidhani ni habari ya taa za barabarani."

Nikamwambia, "Si uwaambie watu hivyo? Watakusamehe."

"Wacha! Heri waseme nilinunuliwa kuliko wajue nilikaa kwa kile kiti kama gunia."

Siku hizi anashinda nyumbani amevaa koti lake la baraza, akingoja mtu abishe hodi na shauri. Hakuna anayekuja.

Mama yangu ameagiza niende Bungoma nijifungulie kwake. Nikienda, mume wangu atabaki na kuta. Nikibaki, nani atanishika mgongo? Mama Khisa namjua moyo wake, akisikia ukweli atakuja na uji kesho yake. Lakini mume wangu atajua ni mimi nimemvua lile koti mbele za watu.

Bado naamini nyumba hii itajaa tena. Mama zangu na dada zangu, nishaurini kabla uchungu haujanishika: nimwambie Mama Khisa, au ninyamaze?