Wimbo wa Kambo Ngoie

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipokaribia kumzika mtu akiwa hai, tena mbele ya watu waliokuwa wakinipigia makofi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, kiuno chembamba na kiburi kingi. Ukicheka, cheka tu; hata mimi nilikuwa na kiuno.

Jirani yetu pale Shituru, Kambo Ngoie, alikuwa mwimbaji wa jukwaani tangu wazazi wetu walipokuwa watoto. Jukwaa lenyewe lilikuwa mbao juu ya mapipa, katikati ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi, na wanaume walioacha mama zao mbali walilia akiimba. Nilipomjua mimi, sauti yake ilikuwa imekwisha na alikuwa anauza mihogo ya kukaanga mlangoni pake. Nyimbo bado alikuwa nazo. Kila jioni alinifundisha ule wa mama anayengoja treni, bila kutaka kitu. Alinikumbusha desturi yetu tu: ukitaka kuimba wimbo wa mtu, kwanza taja jina lake.

Jumapili hiyo ukumbi wa wafanyakazi ulijaa, nami nilikuwa wa kuimba. Msimamizi wa tamasha aliniuliza wimbo ni wa nani. Nikaona haya kumtaja muuza mihogo mbele ya mabwana wenye tai. Nikasema ni wangu.

Ubeti wa kwanza haujaisha, nikamwona Kambo safu ya mwisho, amevaa kikwembe chake cha kanisani, midomo yake ikiimba pamoja nami. Hakukunja uso. Afadhali angekunja. Sauti ikanikauka, na mpiga gita akabaki kunitazama.

Mwacha asili ni mtumwa, nami nilikuwa mtumwa wa tai za watu. Nikasema:

"Nilidanganya. Hii wimbo ni ya Kambo Ngoie. Yeye iko pale nyuma."

Nilingoja wanizomee. Badala yake mzee mmoja, mchimbaji wa zamani, akasimama na kuvua kofia, akalirudia jina lile kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Wakamleta Kambo mbele. Nikaanza upya, yeye akinishika mkono, na sauti ikatoka yenyewe.

Tulipofika nje nilimwomba msamaha.

"Mutoto yangu," akasema, "miye siko na hasira. Niliogopa tu jina yangu itakufa mbele yangu."

Nililia, mwanangu, na kilio kile kilikuwa kitamu, kwa maana mzigo ulikuwa umeshuka.

Basi sikia. Ukipewa wimbo, kazi, au hata namna ya kusonga bukari, ugali wetu, mtaje aliyekupa. Na kama ulimkana, usiogope kurudi, hata wimbo ukiwa katikati. Kawia ufike. Aibu ya kusema kweli haidumu hata ubeti mmoja, ila ya kunyamaza ningezeeka nayo.

Mungu akupe sauti, mwanangu. Na siku sauti itakapokwisha, akupe mtu wa kulitaja jina lako.