Upande Uliokosa Damu

Dominika hakujua Kinyakyusa hata cha kuombea maji, na kwa miaka yote aliyoolewa na Andwele Mbonile hakuona sababu ya kukijua. Mumewe alikuwa bwana shamba, mtu wa Tukuyu aliyeletwa Ufipa na serikali kabla Sumbawanga haijawa makao ya mkoa. Kifipa kilimshinda; akikijaribu, watoto wa mtaa wao wa Izia walicheka mpaka wakakaa chini. Basi nyumba yao ikawa ya Kiswahili. Kwa Kiswahili walitaniana, kwa Kiswahili waligombania chumvi na kuku, na kwa Kiswahili walimlilia mtoto wao wa pekee, Tadei, aliyechukuliwa na surua kabla hajajua kusimama. Hawakujaliwa mwingine. Wakaendelea kuitana Baba Tadei na Mama Tadei, na hakuna aliyewakataza.

Mwaka ule vyama viwili vya siasa vilipoungana kuwa kimoja, mvua za kwanza zilipoanza, Andwele alisimama mbele ya wanakijiji kwenye shamba la ujamaa akiwaeleza kwa nini mahindi yapandwe kwa mistari. Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu asubuhi, na alikuwa amemeza aspirini kama kawaida yake. Katikati ya maneno ulimi ukawa mzito. Watu wakadhani anafikiri. Kisha mdomo ukaenda upande, kamba ya kupimia ikamponyoka, na yeye mwenyewe akaporomoka polepole kwenye udongo uliolimwa.

Dominika alimkuta hospitalini, mkono wa kulia na mguu wa kulia imelala kama si yake. Watu wakasema mengi. Wengine walimnong'oneza kwamba lile shamba lilikuwa na mwenyewe kabla halijafanywa la kijiji, na mwenyewe hakuliachia kwa moyo mweupe. Dominika hakubisha wala hakukubali. Alikaa kando ya kitanda akimlisha uji, akifuta ule uliotoka upande wa pili wa mdomo, akingoja aseme neno.

Neno lilipokuja, alipiga magoti kumshukuru Mungu kabla hajalisikia vizuri. Halafu akalisikia. Lilikuwa la Kinyakyusa.

"Baba Tadei, unasemaje? Ni mimi."

Andwele akamtazama, akarudia yale yale, safari hii taratibu zaidi, kama mtu anayemwelekeza mtoto. Dominika akamwuliza kama anataka maji. Akamwuliza kama ni baridi. Machozi yakamtoka mgonjwa, na Kiswahili hakikutoka.

Alimrudisha nyumbani hivyo hivyo. Alipochoka kubahatisha, akaenda mtaa wa Milanzi kwa Sekela, mwanamke Mnyakyusa wa Kyela aliyeuza mchele, akamwomba aje awe mdomo wao. Sekela akaja na kanga yake mabegani, akamsalimu mgonjwa kwa lugha ya kwao, akainama kumsikiliza.

"Anataka ageuzwe, mama. Ubavu unamwuma."

"Tangu lini?"

Sekela akatazama chini. "Anasema amekuambia kila siku."

Walipomgeuza walikuta kidonda.

Wakati wa kiangazi akafika mtu wa Dar es Salaam, Daktari Nikodemo, na Landrova iliyojaa vumbi. Alikuwa akizunguka mikoani kufanya utafiti juu ya kiharusi na mwendo wa damu kichwani, na kila alikofika aliuliza waliopooza wako wapi. Alimpima Andwele presha, akamgonga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira, kisha akafanya jambo ambalo Dominika hakuwahi kuliona: aliweka kipimo chake cha kusikilizia shingoni mwa mgonjwa, akafumba macho, akasikiliza damu ikipita kwenda kichwani.

"Ubongo hauna ghala, mama," alimwambia Dominika. "Kila mahali pake panakula kile damu inacholeta sasa hivi. Mshipa ukiziba, pale panapolishwa na ule mshipa panakufa. Na pakishakufa hapaamki."

"Kwa hiyo Kiswahili chetu kilikaa hapo palipokufa?"

Daktari akaacha kuandika. "Huenda. Wako wanaopoteza lugha ya ukubwani, wako wanaopoteza ile ya mama yao. Kwa nini, hatujui. Ndicho tunachokitafuta."

"Mkikipata, yeye atapona?"

"Yeye, hapana," alisema, na sauti ilikuwa ya upole. "Labda wa baadaye. Ulaya wameanza kuwa na mashine za kupiga ubongo picha mtu akiwa hai. Sisi tuna nyundo hii na masikio yetu."

Hakuwa mtu mbaya. Aliacha vidonge vya kushusha presha, na vilipokwisha, Dominika alivitafuta mji mzima asivipate, kama vile sabuni na mafuta ya taa navyo havikupatikana.

Siku ya mwisho daktari alikuja na picha zilizochorwa kwenye karatasi ngumu: ng'ombe, jembe, moto, nyumba. Aliuliza kwa Kiswahili, Sekela akauliza kwa Kinyakyusa. Ng'ombe alitajwa mara moja. Jembe lilichelewa, likaja. Moto ukaitwa maji, na Andwele, akijua amekosea, akapiga godoro kwa mkono wake mzima. Daktari akaandika. Halafu akamnyooshea kidole Dominika, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli.

"Na huyu ni nani?"

Sekela akatafsiri. Andwele akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Uso ukamlainika, midomo ikahangaika, mwishowe akasema neno moja. Sekela akavuta kanga yake mabegani.

"Amesemaje?" akauliza daktari.

"Amekosea," Sekela akasema.

"Niambie hivyo hivyo alivyosema."

"Mgeni," akasema Sekela. "Amesema ni mgeni."

Kalamu ya daktari ikakimbia juu ya karatasi. Baadaye alieleza kwamba hiyo ndiyo tabia ya maradhi: mtu anatafuta neno, akilikosa anashika lililo karibu, si kwamba amemsahau. Sekela naye akasema hivyo, akamshika mkono. Dominika akaitikia, "Ndiyo, naelewa," akaosha bakuli. Lakini usiku na mchana alijiuliza kama lile neno lilishikwa kwa bahati mbaya, au kama huko ndani ya mumewe, chini ya kila kitu, yeye alikuwa mgeni siku zote.

Kabla mavuno hayajaingia ghalani akaja Ambakisye, mdogo wake Andwele. Aliketi kitandani, akasema maneno machache, na Andwele akacheka. Dominika alikuwa uani akipepeta ulezi. Alisimama na ungo mkononi. Kicheko kile hakuwa amekisikia tangu mumewe alipoanguka, naye hakujua kilichochekwa.

"Shemeji, niruhusu nimpeleke nyumbani," Ambakisye alimwambia jioni ile. "Kule kila mtu atamsikia. Na wewe twende."

Mama yake Dominika, Luciana, alikuwa haoni tena na hakuwa na mwingine wa kumshika mkono. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa, na ilikuwa ya kweli. Nyingine hakuitoa: aliogopa kukaa Tukuyu katikati ya watu wanaomwelewa mumewe kumshinda yeye, awe mgeni mchana kweupe.

Wakampandisha Andwele kwenye lori lililokuwa likirudi Tunduma, wakamtandikia magunia. Dominika akapanda, akamfunika blanketi, akamwambia, "Baba Tadei, nenda salama." Andwele alikuwa akimtazama ndugu yake.

Habari ya msiba ilimfikia maziko yakiwa yamekwisha. Kiharusi kilikuwa kimempiga mara ya pili, wala hakukaa. Ambakisye alipokuja kumpa pole, Dominika alimwuliza jambo moja tu.

"Alinitaja?"

"Alikuwa akisema mambo ya utotoni, shemeji. Ng'ombe, mto wa kwetu. Alimtafuta mama, na mama alikufa zamani."

"Mimi je?"

Ambakisye akatazama mlango. "Hapana, shemeji."

Kiangazi kingine Landrova ikarudi. Daktari Nikodemo alisikitika kwa dhati. Alivua kofia, akampa mkono wa pole. Kisha akauliza kama marehemu aliwahi kurudiwa na Kiswahili kabla ya mwisho, hata neno moja. Dominika akasema yeye hakuwapo. Akauliza naye kama wamekwisha kujua kwa nini lugha moja hupotea na nyingine ikabaki. Daktari akatikisa kichwa: bado, na dereva alikuwa akimngoja, kwa maana Kasanga kulikuwa na mwanamke aliyeanguka akiwa anaanika dagaa.

Alipokuwa akifunga mkoba, akamtazama Dominika usoni, akamwomba mkono. Akaufunga kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo, akasikiliza. Akarudia mara ya pili.

"Mama, na wewe presha iko juu. Tena sana. Kichwa hakikuumi?"

"Kinauma."

"Vidonge sikupewa safari hii," alisema. "Punguza chumvi. Usibebe mizigo."

"Chumvi yenyewe haipo dukani," Dominika akasema.

Akafunga kifungo cha mkono wa gauni lake, akamwitikia mama yake aliyekuwa akiita kwa Kifipa kutoka ndani, akajitwika ndoo ya maji kichwani, akamfuata.