Pole Iliyochelewa Kufika

Jumapili nilikuwa kituo cha basi, London mashariki, pamoja na mama mmoja wa Unguja. Ng'ambo ya barabara watu wamesimama mbele ya fleti, vichwa chini, mishumaa mikononi.

"Pana msiba pale," akasema. "Hatuwezi kupita hivi hivi."

Akavuka, nami nyuma yake. Basi letu likaondoka.

Diwani wa mtaa ule alikuwa anasoma hotuba huku akichungulia saa. Mama akampita, akamshika mzee mmoja wa Kiyahudi mikono yote miwili. "Pole sana, baba. Very sorry."

Diwani akamnong'oneza kwamba hakuna aliyekufa. Hapa palikuwa na sinagogi, likabomolewa na bomu wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Leo wanalikumbuka tu, kama kila mwaka, na kibao chake kile ukutani.

"Sawa," mama akasema. "Lakini wenye sinagogi lao mlishawapa pole?"

Mzee hakumwachia mikono. "Hotuba nimezisikia tangu kibao kitundikwe," akasema. "Pole ndiyo kwanza leo."

Nasikia ratiba ya mwakani imeongezwa kipengele: kutoa pole, dakika mbili. Atakayeitoa ni diwani.